Cherehani Ikigoma: Yatazame Haya Kabla ya Kushika Bisibisi



Ndugu msomaji, katika visa vya Mitume husimuliwa kuwa Nabii Idris (A.S.) ndiye wa kwanza kushona nguo. Basi ushonaji ni kazi ya heshima tangu zamani, na hadi leo ni riziki ya halali kwa familia nyingi. Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, si ajabu kukuta nyumba yenye cherehani ya chuma cheusi ambayo bibi alimwachia mama, na mama anamfundishia binti.

Cherehani ikigoma siku za kawaida, ni usumbufu tu. Lakini ikigoma katika kumi la mwisho la Ramadhani, huku kanzu na magauni ya watu yamekwisha kukatwa na yanangoja kuungwa, jambo huwa zito. Watoto wa watu watakosa nguo za Idi, ahadi zitavunjika, na mwenye nyumba atakosa chumo alilolitegemea. Hapo ndipo wengi huingiwa na haraka, wakachukua bisibisi na kuanza kulegeza kila skrubu wanayoiona.

Makala hii inakusudia kukuonyesha jambo moja. Aghalabu cherehani inayogoma haijaharibika. Ugonjwa wake huwa ni moja katika mambo manne: sindano, uzi, uchafu au ukavu. Yote manne hutibika nyumbani, na matatu katika hayo hayahitaji hata bisibisi. Hasara kubwa huanza pale mtu anapoyaruka manne haya na kwenda moja kwa moja kwenye skrubu.

MSHONO HUFANYIKA VIPI?

Huwezi kutibu usichokifahamu. Basi kwanza tuelewe cherehani inavyofanya kazi.

Mkono wa binadamu hushona kwa uzi mmoja, na tundu la sindano liko nyuma. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, na tundu la sindano liko karibu na ncha. Fikra hii ndiyo iliyomwezesha Elias Howe kupata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1846. Isaac Singer akapata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na kampuni yake ikaieneza duniani. Cherehani nyingi nyeusi za majumbani, hata zile zilizotengenezwa China na India zikiwa na majina mengine, zimefuata umbo la cherehani moja ya zamani ya Singer, ya aina ya namba 15.

Sasa tazama kinachotokea chini ya kitambaa. Sindano inashuka na uzi wa juu mpaka mwisho wake. Kisha inaanza kupanda. Ikishapanda kidogo tu, kiasi cha milimita mbili hivi, uzi ulio nyuma yake hubanwa na kitambaa, ukashindwa kupanda nayo, ukafura na kufanya kitanzi kidogo. Wakati huo huo kipande cha chuma chenye ncha kama ndoana kinapita karibu kabisa na sindano. Kinakinasa kile kitanzi, kinakizungusha kwenye bobini, na uzi wa juu unakumbatiana na uzi wa chini. Halafu ule mkono unaopanda na kushuka mbele ya cherehani unavuta uzi juu, na fundo linakaa katikati ya kitambaa. Meno yaliyo chini yanasukuma kitambaa mbele, na mshono wa pili unaanza.

Ukilifahamu hili, utaona kwa nini jambo dogo huleta balaa kubwa. Kitanzi ni kidogo, na ndoana hupita ubavuni mwa sindano bila nafasi ya kupoteza. Sindano ikipinda kidogo tu, au ikiwa haikusukumwa mpaka juu, ndoana hupita bila kukamata kitu. Cherehani nzima ni nzima, lakini haishoni.

KWANZA: SINDANO

Anza na sindano hata kama unaamini haina tatizo. Sindano ndicho kifaa rahisi kuliko vyote katika cherehani, nacho ndicho kinachochakaa upesi.

(a) Toa sindano, iweke juu ya kioo au kitu kingine kilicho bapa kabisa, ubavu wake ulio bapa ukiwa chini. Chungulia kwa upande. Nafasi iliyo chini ya sindano iwe sawa mpaka kwenye ncha. Ikiwa imeinuka au imeinama, sindano imepinda.

(b) Pitisha ncha taratibu kwenye kitambaa chepesi. Ikikwaruza na kuvuta nyuzi, imekuwa butu. Usijaribu kuinoa. Weka nyingine.

(c) Tazama mkao wake. Sindano ya cherehani ya nyumbani ina ubavu mmoja bapa juu, na upande wa pili ina mfereji mrefu unaoshuka mpaka kwenye tundu. Uupapase kwa ukucha utauhisi. Kanuni ni hii: uzi huingia tunduni kutoka upande wa mfereji mrefu, na upande wa bapa huelekea kwenye ndoana. Cherehani hazifanani. Katika nyingine uzi huingia kutoka kulia, katika nyingine kutoka kushoto, na nyingi za umeme za kisasa huingia kutoka mbele. Kwa hiyo usiige ya jirani. Kabla ya kuitoa sindano ya zamani iliyokuwa ikishona vizuri, angalia imekaa vipi.

(d) Isukume sindano juu mpaka igote, ndipo ukaze skrubu yake.

(e) Hakikisha ni aina yake. Cherehani nyingi za nyumbani hutumia sindano ambayo pakiti yake imeandikwa HAx1, 15x1 au 130/705H. Sindano za vyerehani vya viwandani aghalabu huwa na shina la mviringo kabisa, nazo hazifai hapa hata zikiingia.

Ama unene, pakiti huwa na namba mbili, mfano 90/14. Ile 90 maana yake ni unene wa sehemu 90 za mia ya milimita, yaani milimita 0.9. Kitambaa chepesi cha buibui au mtandio kinataka 75/11. Tetroni ya kanzu, kanga na kitenge vinataka 90/14. Jinzi na turubai vinataka 100/16 au 110/18. Sindano nene kwenye kitambaa laini hutoboa matundu, na sindano nyembamba kwenye jinzi huvunjika.

PILI: UZI

Ikiwa sindano ni salama, toa uzi wote, wa juu na wa chini, uupitishe upya tangu mwanzo. Usijaribu kukagua tu kwa macho. Utoe.

Wakati wa kupitisha uzi wa juu, inua kile kimguu kinachokandamiza kitambaa. Kimguu kikiwa juu, vile visahani viwili vinavyobana uzi huachana, na uzi huingia katikati yake. Kimguu kikiwa chini, visahani hufungana, na uzi hubaki juu juu bila kubanwa. Hiki ndicho chanzo kikubwa cha ule msongamano wa nyuzi chini ya kitambaa ambao watu hudhani ni kosa la bobini. Kumbuka hili, ndugu msomaji: nyuzi zikijazana chini, aghalabu kosa liko juu.

Kisha toa bobini. Je, uzi umejazwa sawasawa, au upande mmoja umevimba? Je, bobini ni ya cherehani hiyo, au imeazimwa kwenye nyingine? Je, uzi umepita chini ya kile kibati chembamba cha kesi ya bobini? Shika uzi huo, iache kesi ining'inie. Isianguke yenyewe. Ukiutikisa mkono kidogo, ishuke kidogo na kusimama. Ikianguka moja kwa moja, uzi wa chini umelegea. Ikikataa kabisa kushuka, umebana mno, au kuna uchafu chini ya kibati.

Ili ujue nani mkosaji kati ya juu na chini, weka uzi mweupe juu na mweusi chini, ushone kwenye kipande cha kitambaa cha rangi nyingine. Uzi wa juu ukichungulia chini, uzi wa juu umelegea, basi kaza kidogo nati ya visahani. Uzi wa chini ukichungulia juu, uzi wa juu umebana mno, basi ilegeze. Zungusha kidogo kidogo na kujaribu kila mara. Skrubu ndogo ya kesi ya bobini iguse mwisho kabisa, na isizidi robo ya mzunguko kwa mara moja. Skrubu hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele, ikidondoka sakafuni utaitafuta siku nzima.

Na uzi wenyewe uutazame. Uvute kati ya mikono miwili. Uzi uliokaa miaka kwenye kikopo huoza, nao hukatika bila sababu ya kuonekana. Usiilaumu cherehani kwa kosa la uzi.

TATU: UCHAFU

Kila kitambaa huacha nyuzinyuzi na vumbi, na vyote hushukia chini ya sindano. Siku baada ya siku hushikamana na mafuta vikawa kama kitambaa kigumu kati ya meno. Meno yakijaa, hayainuki vya kutosha, na kitambaa hakisogei.

Toa sindano na kimguu, fungua kibati kilicho chini ya sindano. Hapa ndipo bisibisi inaporuhusiwa, kwa skrubu hizi mbili za kibati tu. Safisha meno kwa brashi ya mswaki wa zamani. Kwa kona tumia kijiti chembamba. Usipulize kwa mdomo, kwani pumzi ina unyevu na husukuma vumbi ndani zaidi.

Kisha toa kesi ya bobini na utazame nyumba yake. Aghalabu utakuta kipande cha uzi kimejizungusha na kuzuia ndoana. Huu ndio ugonjwa wa cherehani iliyokwama ghafla. Usiizungushe kwa nguvu. Irudishe gurudumu mbele na nyuma taratibu kwa mkono, ukiuvuta uzi kwa kibano, mpaka utoke wote.

Kama kitambaa hakisogei na meno ni safi, tazama pia kirefusho cha mshono. Kikiwa kwenye sifuri, meno yatapanda na kushuka bila kusukuma. Na baadhi ya vyerehani vina kitufe cha kushusha meno kwa ajili ya kutarizi. Huenda mtoto alikigusa.

NNE: UKAVU

Cherehani nzito kuzungusha, inayolia au kukwaruza, inaomba mafuta. Nyunyiza tone moja, si zaidi ya mawili, katika kila tundu dogo lililo juu ya mwili wake na kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma. Usisahau njia ya ndoana. Zungusha gurudumu kwa mkono kidogo ili mafuta yaenee. Halafu shona kwenye matambara mpaka mafuta ya ziada yatoke, usije ukatia doa kwenye kanzu nyeupe ya mtu.

Tumia mafuta ya cherehani, yale mepesi na meupe. Mafuta ya kupikia na mafuta ya nazi hulainisha siku moja, kisha hukauka na kuwa gundi. Ikiwa cherehani imeshagandamana kwa sababu hiyo, mafuta ya taa kidogo huyeyusha ile gundi. Lakini fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na jiko na kibatari. Na ujue kuwa mafuta ya taa husafisha tu, hayalainishi. Yafute yote, kisha weka mafuta ya cherehani.

Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna adui mwingine, nayo ni hewa ya chumvi. Ukimaliza kushona, ifunike cherehani. Kama haitumiki muda mrefu, ipake mafuta na kuizungusha kila baada ya wiki chache.

GURUDUMU LINAZUNGUKA, SINDANO HAISHUKI

Hili huwatisha wengi, nalo ni jepesi. Katikati ya gurudumu la mkono kuna kifundo. Tunakilegeza tunapojaza bobini ili sindano isimame, na mara nyingi tunasahau kukikaza tena. Kikaze. Kama umekifungua kabisa kwa ajili ya kusafisha na sasa hakishiki, itoe ile washa iliyo ndani, igeuze nusu mzunguko, uirudishe.

Kwa cherehani ya miguu, tazama mkanda wa ngozi. Ukilegea huteleza kwenye gurudumu. Fungua kile kishikizo cha waya, kata kipande kidogo cha sentimita moja, toboa tundu jipya, uunge tena. Usikate sana kwa mara moja, kwa sababu mkanda mfupi mno hufanya kukanyaga kuwa kuzito. Na mwanafunzi anayejifunza akumbuke kuwa gurudumu huzunguka kuja kwa mshonaji. Likizunguka kinyume, uzi hukatika au hukwama.

CHEREHANI YA UMEME

Kwa hii kuna sharti moja lisilo na mjadala: chomoa waya ukutani kabla ya kubadili sindano, kusafisha au kutia mafuta. Kuzima swichi pekee hakutoshi, maana mguu ukigusa pedeli kwa bahati mbaya vidole viko chini ya sindano. Ukisikia harufu ya kuungua, ukaona moshi, au ukahisi mwili wa cherehani unakurusha, chomoa mara moja na usiiguse tena. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme.

KANUNI YA JAMBO MOJA

Chukua mfano wa mshonaji ambaye cherehani yake inaruka mishono. Kwa haraka anabadili sindano, analegeza uzi wa juu, anakaza skrubu ya bobini na kushusha kimguu, yote kwa pamoja. Sindano mpya imetibu ugonjwa wa kwanza, lakini mengine matatu aliyoyagusa yameleta magonjwa mapya. Sasa hajui lipi limetoka wapi.

Kwa hiyo badili jambo moja tu, kisha jaribu kwenye kitambaa cha majaribio. Lisipofaa, lirudishe lilivyokuwa, ndipo uende kwenye la pili. Kila unachokifungua, kipange juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uliokifungulia. Mwenye simu ya kamera apige picha kabla ya kufungua.

Ukiyapitia yote manne na bado mishono inaruka, au ndoana inagonga sindano, basi ndoana na sindano zimepishana wakati, au kuna chuma kilicholika. Hapo simama. Mpelekee fundi, na umweleze uliyoyafanya kwa utaratibu wake. Fundi anayeambiwa "sindano ni mpya, uzi umepitishwa upya, nimesafisha, nimetia mafuta" hufika kwenye ugonjwa haraka kuliko anayeambiwa "imeharibika".

KITAMBAA CHA WATU NI AMANA

La mwisho, wanafunzi wapenzi, linahusu adabu. Kitambaa ulicholetewa na mtu ni amana mikononi mwako. Usikitumie kujaribia cherehani inayosumbua, hata kwenye ukingo ambao "hautaonekana". Weka matambara yako ya majaribio ya aina mbalimbali.

Na sindano ikivunjika, usiendelee mpaka uvipate vipande vyote. Vipange pamoja uone kama vimetimia. Ncha iliyobaki ndani ya mshono inaweza kumchoma mtoto siku ya Idi akiwa amevaa nguo uliyomshonea.

Tena, mteja aambiwe ukweli mapema. Kama cherehani imekwama na siku ni chache, mjulishe leo ili atafute njia nyingine, kuliko kumpa ahadi ya kesho na kesho kutwa mpaka mwezi unaandama.

HITIMISHO

Tumeona kuwa cherehani ina mpango wake, na anayeufahamu haogopi. Sindano, uzi, uchafu, ukavu: yashike manne haya kwa mpangilio huo, kwa sababu yanaanza na lililo jepesi. Wazazi tunawashauri wawaache vijana wao, wa kike na wa kiume, wafanye kazi hii ya kusafisha na kutia mafuta walau mara moja kwa mwezi. Na mwezi wa Shaaban, kabla kazi za Idi hazijaanza kumiminika, cherehani ikaguliwe yote, sindano za akiba zinunuliwe, na mkanda utazamwe.

JIPIME

1. Kwa nini sindano isiyosukumwa mpaka juu huruka mishono?
2. Nyuzi zimejazana chini ya kitambaa. Utaanzia wapi, juu au chini?
3. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya mafuta ya taa na ya mafuta ya cherehani?
4. Umevunja sindano ukishona kanzu ya mteja. Utafanya nini kabla ya kuweka nyingine?

Wabillahi tawfiq.